Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Haydom, Mji wa Lugha Nne

Methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" wengi wetu tunaitumia kama salamu tu, tukimpokea mtu aliyekuja na mkate na kilo moja ya sukari. Haydom ni mahali ambapo methali hiyo ilitokea kweli, neno kwa neno. Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali katikati ya pori la Mbulu, na watu wakaanza kupona. Hospitali ikazaa mji, mji ukapata chuo, chuo kikaleta vijana kutoka kila kona ya nchi. Ila ukikaa Haydom siku mbili tatu, ukisikiliza watu wanavyozungumza sokoni na kwenye benchi za kliniki, kuna neno moja kwenye methali ile linaanza kukusumbua. Mwenyeji hapa ni nani hasa?

Tuanze na njia, maana Haydom hupiti kwa bahati mbaya, lazima uwe umeamua kwenda. Iko wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara, kama kilomita 300 kutoka Arusha. Unaweza kupanda mlima Magara kutokea upande wa Babati, ukafika Mbulu mjini, ukateremka na Dongobesh hadi Haydom. Au unatokea Katesh, chini ya mlima Hanang, unakatisha mbuga za Basotu unaingia kwa upande wa kusini. Njia zote mbili zina vumbi kiangazi na tope masika, na zote mbili ni nzuri. Ukienda kati ya Januari na Aprili, nchi nzima ni kijani: mahindi, maharage, mbaazi, alizeti, na kule juu Mbulu vitunguu saumu vinavyosafirishwa hadi Dar es Salaam. Haydom yenyewe iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jioni beba sweta, usije ukasema hukuambiwa.

Mji wenyewe ni wa kawaida kwa macho. Barabara kuu, bodaboda, maduka ya simu, mama ntilie, nyumba za kulala wageni, vibanda vya kutoa fotokopi vinavyoishi kwa noti za wanafunzi. Kinachoutofautisha ni geti la hospitali. Kila kitu kinaelekea huko. Kuna wauguzi wanafunzi wakitembea kwa makundi na sare zao, kuna akina mama wamebeba watoto mgongoni, kuna wazee wa Kidatooga wamejifunga shuka na fimbo mkononi. Na kuna uwanja wa ndege wa udongo unaotumiwa na ndege ndogo, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipeleka kliniki ya mama na mtoto kwenye vijiji ambavyo gari linafika kwa shida.

Sasa sikiliza.

Foleni moja, koo nne za lugha

Mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg aligawa lugha zote za Afrika katika makundi makubwa manne. Haydom ni miongoni mwa sehemu chache sana barani ambako makundi hayo yote manne yanaweza kukutana kwenye foleni moja ya kusubiri dawa. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatooga ni cha Kinailoti, jamii moja na Kimasai na Kikalenjin. Kiihanzu, ambacho wengine wanakiita Kiisanzu, ni Kibantu, pamoja na majirani zake Kinyiramba na Kinyaturu. Na Kihadza, chenye sauti za kudata ulimi, Greenberg alikiweka kundi la Khoisan. Wanaisimu wengi wa leo wanasema hakina ndugu yeyote anayejulikana duniani. Wanaokizungumza hawazidi elfu mbili.

Juu ya hizo nne kuna Kiswahili, ambacho ndicho kinachoendesha mji, na Kiingereza, ambacho ndicho kinachoandikwa ubaoni chuoni. Hebu fikiria mwanafunzi aliyetoka Mbeya au Mwanza. Amejifunza dalili za ugonjwa kwa Kiingereza, anauliza kwa Kiswahili, na aliyelala kitandani ni bibi anayejua Kidatooga peke yake. Katikati anasimama mjukuu wa miaka kumi na mbili, mkalimani asiyelipwa, anayetakiwa amuulize bibi yake mambo ambayo kwa adabu za nyumbani mjukuu haulizi. Hapo ndipo unapoona kwamba lugha inaweza kumchelewesha mtu kupona.

Majina tuliyopewa na wengine

Historia ya eneo hili unaweza kuisoma kwenye majina. Wairaqw nchi nzima inawaita Wambulu, yaani kwa jina la wilaya. Wadatooga wameitwa Mang'ati kwa miaka mingi, hata kwenye taarifa za habari. Neno hilo ni la Kimasai na maana yake ni adui. Fikiria kuitwa "adui" kwenye kitambulisho, na wewe unaitika. Wahadzabe vitabu vya zamani vinawaita Watindiga, jina walilopewa na majirani. Ukitaka kujua nani alikuwa na nguvu ya kuandika, angalia ni nani aliyeitwa jina lisilo lake.

Na jina la Wairaqw lenyewe limezaa hadithi. Mitandaoni utasoma kwa uhakika kabisa kwamba walitoka nchi ya Iraq, kisa majina yanafanana. Ni hadithi tamu, lakini imejengwa juu ya mlio wa neno. Lugha yao ni ya Kikushi, na ndugu zake wa karibu kabisa ni Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, lugha zinazozungumzwa hapo hapo Babati na Kondoa. Wazee wenyewe hawasimulii Baghdad. Wanasimulia mahali panapoitwa Ma'angwatay, vita na kutawanyika, hadi walipofika kwenye milima ya Kainam, kusini mwa Mbulu mjini, ambayo wanaiita Irqwa Da'aw. Hapo ndipo walipojibana karne ya 19, wakilima miteremko mikali kwa matuta na samadi, huku Wamasai wakitawala mbuga za chini.

Kiiraqw kina neno ambalo sisi wapenda maandishi tutalipenda: *aya*. Kwa Kiswahili aya ni kipande cha maandiko. Kwa Kiiraqw aya ni nchi, yaani eneo pamoja na watu wake. Mwanaanthropolojia Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Wairaqw, alieleza jinsi ardhi mpya inavyobaki pori tu mpaka wazee waifanyie ibada ya mipaka. Baada ya hapo ndipo inakuwa aya. Na katika mikutano ya wazee kuna *slufay*, dua ndefu ya kishairi inayosemwa na mzee mmoja huku wengine wakiitikia, kuomba mvua, watoto, mifugo na amani. Wanaosema fasihi simulizi ya Tanzania ni ngano za sungura na fisi wapande basi la Mbulu.

Pori linakuwa mji

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahali ilipo Haydom palikuwa pori lenye mbung'o. Wadatooga walipita na ng'ombe pale palipopitika, Wahadzabe waliwinda na kuchimba mizizi. Kwa mkulima, hapakuwa na kitu. Lakini Kainam ilikuwa imejaa. Tangu mwanzo wa karne ya 20, tauni ya ng'ombe na njaa zilipokwisha kuwapunguza nguvu Wamasai, Wairaqw walikuwa wakishuka kutoka milimani kidogo kidogo, kuelekea Karatu upande mmoja na Dongobesh upande mwingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Waingereza ikaongeza kasi: mpango wa maendeleo wa Mbulu ulitaka watu wapunguze mifugo kwenye sehemu zilizochoka, na pori likatwe ili mbung'o waondoke na ardhi mpya ifunguliwe. Mti ukianguka mbung'o anakosa kivuli, na mkulima anapata shamba. Mwindaji anapoteza mnyama. Hesabu hiyo ya tatu haikuandikwa kwenye mpango.

Kwa hiyo Norway ilipojenga hospitali, iliijenga kwenye mpaka unaosogea. Ndiyo maana iliwafaa watu wote: kila jamii ilikuwa na njia yake ya kuifikia, na hakuna iliyoweza kusema ni ya kwake peke yake. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen, aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliiongoza kwa zaidi ya miongo minne, na baadaye mwanawe Øystein akashika nafasi hiyo. Leo hospitali ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ina vitanda zaidi ya 400, na jina lake limefika mbali kwa tafiti pia. Utafiti mkubwa wa lishe na magonjwa ya tumbo kwa watoto, uliofanyika katika nchi nane za mabara matatu, ulichagua Haydom kuwa kituo chake cha Tanzania. Mafunzo ya uuguzi yalianza miaka ya 1980, na kutoka hapo kikakua chuo cha sayansi za afya kilichopo sasa.

Swali ambalo wageni huuliza ni hili: kwa nini watu walikubali dawa za Kizungu haraka hivyo? Jibu la kawaida, la kwamba "walielimishwa", halitoshi. Mwanaanthropolojia Mnorwe Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti Mbulu kwa miaka mingi, alitoa jibu lililo bora zaidi katika makala yake ya mwaka 1999. Alionyesha kwamba Wairaqw tangu zamani walitafuta uponyaji kwa watu wasio wa kwao. Mvua ikikosekana, wajumbe wanakwenda kwa Waihanzu, ambao wanasifika kwa kuleta mvua. Ugonjwa ukishindikana, anatafutwa mganga wa kabila jingine, na kadiri anavyotoka mbali ndivyo anavyoaminika kuwa na nguvu. Daktari kutoka Norway aliingia kwenye mlango uliokuwa wazi tayari. Alikuwa mgeni wa mbali kuliko wote, basi.

Ukiliweka hivyo, mchanganyiko wa watu Haydom haukuanza na hospitali. Ulikuwepo kama mtandao wa watu wanaohitajiana: huyu ana mvua, yule ana maziwa, yule ana asali, yule ana nafaka. Hospitali ililikuta jambo hilo ikalipa paa la bati.

Mwenyeji mbele ya jaji

Hapa naomba tuondoke mjini kidogo, twende kusini, mpaka Basotu, wilaya ya Hanang. Ni mwendo wa jioni moja kwa pikipiki, na bila Basotu huwezi kuielewa Haydom.

Hanang ndio mlima wa Wadatooga. Una mita zaidi ya 3,400, na wapanda milima wanauhesabu wa nne kwa urefu nchini. Kabla ya hapo Wadatooga walikaa Ngorongoro, hadi Wamasai walipowasukuma karne ya 19. Makaburi ya wazee wao yako huko kreta mpaka leo, na bado wanayaheshimu. Kundi lao kubwa, Wabarabaig, lilipata malisho mazuri kwenye mbuga za Basotu chini ya Hanang. Mzee anayeheshimika akifariki, hufanyiwa *bung'eda*, mazishi ya miezi mingi, na juu ya kaburi unajengwa mnara wa udongo. Hao ndio wanaolinda nchi. Kaburi ni hati yao.

Kuanzia takriban mwaka 1970, Tanzania kwa msaada wa Kanada ilianza kulima ngano pale. Shirika la serikali la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya maelfu ya ekari kila moja: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengine. Nchi ilihitaji mkate, hilo halina ubishi. Lakini trekta halijui kaburi. Malisho bora yalikwenda, njia za ng'ombe kwenda kwenye maji zilifungwa, na minara ya wazee ililimwa pamoja na majani.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kwanza Mahakama Kuu ilikipa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua. Moja ya hoja zake ukiisoma mara ya kwanza unadhani umekosea mstari: ili mtu adai ardhi kwa mila, sheria ya kikoloni iliyokuwa bado inatumika ilitaka awe "mwenyeji" kwa maana ya sheria hiyo, na upande wa kijiji haukuthibitisha hilo. Mwishoni mwa muongo huo serikali ikatoa agizo la kufuta haki za kimila kwenye eneo la mashamba.

Soma tena. Watu waliozika baba zao pale walitakiwa waonyeshe ushahidi kwamba ni wenyeji. Ndiyo sababu nilisema neno hilo linasumbua.

Na si mara ya kwanza kwa swali hilo kuamuliwa Mbulu kwa njia ya ajabu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja pekee nchi nzima kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo wa Wagorowa wa Babati. Wapiga kura wakamchagua Herman Sarwatt, Mwiraqw, aliyekuwa mwanachama wa TANU lakini akagombea kama mtu binafsi. Tanganyika nzima ilikuwa ikiimba uhuru kwa sauti moja, na Mbulu ikaongeza sauti yake pembeni.

Yaeda, na kile kilichookolewa

Ukiwa Haydom, bonde la Yaeda liko upande wa kaskazini. Huko ndiko Wahadzabe wengi wa Mbulu wanakoishi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Yaeda Chini wawe wakulima. Wengi walirudi porini, lakini wakati wanarudi, pori lilikuwa linapungua: mashamba upande wa juu, mifugo upande wa chini, na Wadatooga waliosukumwa Hanang wakishukia humo humo na ng'ombe wao. Unaona mnyororo? Aliyesukumwa anasukuma. Mara nyingi tunasimulia ugomvi wa mfugaji na mwindaji kana kwamba ulianza kati yao wawili, wakati ulianzia kwenye ofisi iliyo mbali.

Safari hii lakini kuna habari njema. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya jamii nzima, zaidi ya hekta 20,000. Asasi iliyowasaidia, Ujamaa Community Resource Team, ilipata sifa duniani pale kiongozi wake Edward Loure alipotunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016. Kwa hiyo kilichowakuta watu wa Mulbadaw, cha kukosa karatasi, Yaeda walikiona wakajifunza. Karatasi peke yake haizuii ng'ombe mwenye njaa, lakini mbele ya jaji ni afadhali kuwa nayo.

Ukienda

Pale Haydom kuna asasi ya utamaduni inayoitwa 4CCP, ya "kona nne", iliyojenga makazi ya mfano ya Wairaqw, Wadatooga, Wahadzabe na Waihanzu kwenye eneo moja. Nenda, panafaa, na watoto wa shule wanafundishwa mengi pale. Ila ukiwa unazunguka, kumbuka kwamba nyumba hizo nne zimepewa nafasi sawa, na ardhi ya nje ya uzio haikugawiwa hivyo. Mmoja alisogea kwa sababu kwao palijaa. Mmoja alisogezwa na vita, kisha akasogezwa tena na ngano. Mmoja hakusogea kabisa, dunia ikamsogelea. Mmoja alibaki kwake, akawa anafuatwa na wenzake wanaotaka mvua. Tukisema tu "Haydom ina utamaduni mchanganyiko", tunakuwa tumeusifu mchuzi bila kuuliza nani aliyechinja mbuzi wake.

Nenda pia siku ya mnada. Kaa kwenye benchi, agiza nyama na soda, usikimbilie kupiga picha. Wasalimie wazee shikamoo kwanza, halafu waulize kitu kimoja: hapa palikuwaje kabla ya hospitali? Aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati hospitali inafunguliwa sasa ana zaidi ya 80. Bado wapo wanaokumbuka pori likikatwa, gari la kwanza, mtoto wa kwanza aliyezaliwa chini ya bati. Hawapo wengi, na kila masika wanapungua.

Chuo kimejaa vijana wenye simu zinazorekodi. Kila mmoja wao atakaa hapo miaka miwili au mitatu, na kila siku anakutana wodini na mtu anayejua sehemu ya habari hii kwa lugha ambayo yeye haijui. Kama kila mwanafunzi angejifunza tu kuuliza "unaumwa wapi?" na "ulizaliwa wapi?" kwa Kiiraqw na kwa Kidatooga, swali la kwanza lingemsaidia mgonjwa. La pili lingetusaidia sisi wengine kujua, kabla haijawa kazi ya jaji, mwenyeji ni nani.